Impreza WRX STI, RX-8 au Toyota 86: nikague nini kabla ya kulipa?

Mtoni Kijichi aliandika:

Wadau, nimeweka akiba kwa miaka minne na sasa natafuta gari la spoti lililotumika ambalo nitaliendesha mwisho wa wiki tu, kwa kuwa siku za kazi ninayo IST yangu ambayo sina mpango wa kuiuza. Nimebakiza magari matatu, yote yakiwa hapa Dar es Salaam: Subaru Impreza WRX STI ya 2006 yenye kilomita 118,000, Mazda RX-8 ya 2008 yenye kilomita 74,000, na Toyota 86 ya 2013 yenye kilomita 96,000. RX-8 inauzwa karibu nusu ya bei ya 86, na ndiyo inayong'aa kuliko zote. Gari la kawaida najua kulikagua: natazama oili, nasikiliza injini, nahakikisha kadi inalingana na namba ya chesisi. Ninachoomba ni kuelezwa yale ambayo mtu aliyezoea IST hawezi kuyafikiria.

Spana 17 alijibu:

Nianze na Subaru kwa sababu ndiyo ninayoifungua kila wiki. Kabla ya boneti, soma namba ya chesisi. Inayoanza na GDB ni STI. Inayoanza na GDA ni WRX ya kawaida, hata ikiwa imebandikwa nembo za waridi mbele na nyuma. STI ya mwaka huo ina gia 6, breki za Brembo, na nati za magurudumu zilizopangwa katika duara la milimita 114.3, wakati WRX ina milimita 100. Nembo hubandikwa kwa dakika kumi. Kubadilisha habu zote nne ni kazi ambayo mdanganyifu haoni faida yake.

Nenda asubuhi, na umwombe muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Ukifika, weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa na joto, jiulize kwa nini. Injini yake, EJ20, ina pistoni zinazolala ubavu, na ikiwa baridi inaweza kutoa mlio mwepesi unaopotea inapopata joto, ambao haunitishi sana. Unaonitisha ni mlio mzito wa kugonga kutoka chini unaozidi kadiri unavyokanyaga mafuta, kwa sababu hizo ni beringi za konrodi, na tiba yake ni kufungua injini nzima.

Kama bado huna uhakika, jitolee kubadilisha oili kwa gharama yako, kisha kichukue kichungi cha zamani ukakikate kwa mkasi wa bati. Usitumie msumeno, utajaza chengachenga zako mwenyewe. Kunjua karatasi ya ndani, ikamue, uitazame juani. Oili nyeusi ni kawaida. Unga unaometa kama shaba, unaosogea ukiinamisha karatasi, ni beringi inayokwenda zake.

Mshipi wa taimingi wa injini hii hubadilishwa karibu na kilomita 100,000, na ukikatika valvu hugongana na pistoni. Gari lina 118,000. Bila risiti, hesabu kwamba haujabadilishwa na ukate gharama hiyo kwenye bei.

Bi Mzunguko alijibu:

Nimemiliki RX-8 kwa miaka mitatu na naipenda hadi leo, kwa hiyo nayasema haya bila chuki. Kilomita 74,000 usizitazame kabisa. Injini yake haina pistoni. Ina rota mbili zinazozunguka, na kinachochakaa ni sili za kwenye ncha za rota. Gari lililotembea kilomita 140,000 za safari ndefu, likachangamshwa na kuongezwa oili kila wakati, linaweza kuwa zima kuliko lililoshinda mjini kwenye foleni. Injini hii inakula oili kwa makusudi, maana hunyunyiziwa ndani kulainisha sili hizo. Muuzaji akikuambia kwamba gari lake halipunguzi oili hata kidogo, ama halijui, ama pampu ya kunyunyiza imekufa.

Jambo la pili ni yadi. Injini hii haipendi kuwashwa ikiwa baridi na kuzimwa papo hapo, kwani petroli hufurika ndani na plagi hulowa. Sasa fikiria gari lililokaa yadi miezi sita, kila asubuhi likisogezwa mita tatu kupisha jingine.

Jaribio lake ni rahisi: endesha kilomita ishirini, zima, kaa dakika kumi, kisha washa tena. Ikizungusha staata muda mrefu ndipo ishike, mgandamizo umeshuka. Halafu tafuta fundi mwenye kipimo cha injini za rota, kinachotoa namba tatu kwa kila rota. Kile cha kawaida hakitakupa namba hizo. Kiwango cha chini cha Mazda ni kilopaskali 680. Muuzaji akikataa kipimo, amekwisha kukujibu.

Ngong Hills alijibu:

Nyongeza kutoka Nairobi kwa watakaosoma uzi huu wakiwa huku. Namba hiyo ya dada yetu ni ya hewa ya usawa wa bahari. Nairobi iko juu zaidi ya mita 1,600, hewa ni nyepesi, na injini ileile itasoma chini kuliko ingesoma Dar es Salaam, kwa hiyo fundi lazima afanye marekebisho kabla ya kutoa hukumu. Nimeona mtu akiacha gari zima kwa sababu hiyo. Nimeona pia muuzaji akiutumia mwinuko kama kisingizio cha injini iliyokufa.

Nashangaa kwamba hukuweka Mitsubishi Lancer Evolution kwenye orodha. Huku kwetu magari yaliyozidi miaka 8 hayaruhusiwi kuingizwa, na kwa kuwa Evo ilikoma kutengenezwa miaka ya 2015 na 2016, zilizobaki ni zile zilizokwisha kusajiliwa nchini, ambazo nyingi zimepita mikono kadhaa ya vijana. Ukipewa Evo X, tazama nyuma ya gurudumu la nyuma ilipo pampu ya AYC, mfumo unaogawa nguvu kati ya magurudumu ya nyuma, kwa sababu hupata kutu na bei yake inauma.

Spana 17 alijibu:

Evo ni gari zuri, lakini mwenye uzi ana magari matatu, tumsaidie hayo. Nilisahau matairi ya STI. Inavuta kwa magurudumu yote, kwa hiyo matairi manne yanapaswa kuwa ya saizi moja na yaliyolika kwa kiasi kinachokaribiana. Mawili mapya na mawili yaliyokwisha huifanyisha difu ya kati kazi wakati wote. Uliza pia kama kompyuta ya injini imechezewa. Magari haya yalipangiwa petroli ya daraja la juu ya Japani, ambayo kwa kawaida ni ya oktani 100, na pampu zetu haziifikii. Mtu akiongeza presha ya tabo juu ya hapo, pistoni ndizo zinazolipa. Mimi hununua STI iliyo kama ilivyotoka kiwandani, hata ikiwa na mikwaruzo, kabla ya iliyopambwa.

Karani wa Bandari alijibu:

Mimi ni mtu wa kugomboa magari, si fundi, kwa hiyo nitasema la karatasi. Omba karatasi ya mnada wa Japani, yaani ripoti ya ukaguzi wa gari kabla ya kuuzwa huko. Daraja 4 au 4.5 ni zuri, lakini R maana yake gari liligongwa likatengenezwa. Kwenye mchoro wa bodi, A ni mkwaruzo, U ni mbonyeo, W ni mahali paliponyooshwa na kupakwa rangi, na XX ni kipande kilichobadilishwa. Linganisha kilomita zake na za dashibodi, na umwombe muuzaji akutumie picha ya karatasi nzima, kwa sababu nimeona zilizokatwa pembeni pale hasa ilipoandikwa R.

Kuhusu 86, zilizotengenezwa 2012 na 2013 ziliitwa na kiwanda zirudishwe kurekebishwa mwaka 2018 kwa ajili ya springi za valvu, kazi inayohitaji injini ishushwe. Tafuta kwa namba ya chesisi kama ilifanyika. Baada ya kazi hiyo, wamiliki kadhaa nje walilalamika kwamba gundi ya kuzibia ilizidi na vipande vyake vikaziba njia ya oili.

Bi Mzunguko alijibu:

Na 86 nyingi zimechezewa mchezo wa kuteleza. Chungulia ndani ya matao ya magurudumu ya nyuma uone kama kuna vipande vya mpira vilivyoganda. Kisha kata usukani hadi mwisho, uende taratibu kwenye lami; magurudumu ya nyuma yakirukaruka na kukwaruza, kuna uwezekano mkubwa kwamba difu imechomelewa.

Mtoni Kijichi alijibu:

Nawashukuru wote, nimetumia Jumamosi mbili. STI ni GDB kweli, lakini boneti ilikuwa ya moto saa moja asubuhi, na karatasi ya kichungi ilimeta hata kivulini. Muuzaji alisema ni rangi ya kichungi. RX-8 iliwaka vizuri ikiwa baridi na ikagoma ikiwa na joto. Kipimo hakikuhitajika, ingawa iling'aa vilevile hadi naondoka. 86 ina karatasi ya daraja 4, W moja kwenye ubavu wa nyuma kushoto, difu nzima, na klachi inayolia kidogo ukiachia pedali. Kazi ya springi ilifanyika Japani. Nimetoa arbuni kwa makubaliano ya maandishi kwamba Jumatano fundi wangu atashusha sampu ya oili, na akikuta vipande vya gundi kwenye chujio la pampu, fedha zinarudi.

Spana 17 alijibu:

Mwambie fundi apige picha ya chujio kabla ya kulisafisha, kisha uiweke hapa. Mlio huo wa klachi huenda ni beringi yake tu. Omba bei ipunguzwe.