Vipimo vya DNA kwa njiwa wa mbio: nianze na kipi, na matokeo nayatumiaje kupanga jozi?

Mbiombali

Wakuu, habari zenu. Nina jozi 12 za njiwa wa mbio, zote zinataga kwenye banda moja lisilo na vizimba. Msimu ujao nataka kupanga jozi nikiwa na majibu ya DNA mkononi. Maabara inauza kipimo cha jinsia, uthibitisho wa wazazi, na kifurushi cha "jeni za mbio" chenye LDHA na DRD4. Kulipia vyote kwa kila ndege siwezi.

LDHA tayari nimepima: dume mmoja na majike wawili wametoka A/B (nakala moja ya aina A na moja ya aina B), waliobaki wote B/B. Inasemwa A ndiyo ya kasi. Je, niwatoe B/B wote? Na kwa vipimo vinavyofuata, sampuli ipi ni salama zaidi: nyoya, damu, au pamba ya mdomoni? Nina makinda wa wiki mbili ambao nataka kuwapima humo humo.

Bandajuu

Usiwatoe. Ukibaki na dume mmoja na majike wawili, kizazi kinachofuata utakuwa unapandisha ndugu wa baba mmoja, na watoto wao watakuwa na kiwango cha uzao wa ndugu cha 12.5%. Ukipandisha ndugu wa baba na mama, au mzazi na mtoto wake, ni 25%. Kwa kiwango hicho utaanza kuona mayai yanayofia ndani, makinda wanaodumaa, majike wanaotaga ovyo. Hasara hiyo inajulikana. Faida ya A bado inabishaniwa.

LDHA inahusika na kimeng'enya kinachogeuza piruvati kuwa laktati misuli inapofanya kazi, na DRD4 ni kipokezi cha dopamini kwenye ubongo. Ndiyo maana watafiti walizitazama, na wazo lenyewe si baya. Lakini tafiti zilizochapishwa hazikubaliani: kundi hili la njiwa linaonyesha tofauti, lile halionyeshi chochote. Sababu kubwa ni undugu. Njiwa wa banda moja wengi wao ni ukoo mmoja; kama ukoo mzuri umebahatika kubeba A, basi A itaonekana ndiyo yenye kasi hata kama kazi yote inafanywa na jeni nyingine chungu nzima za ukoo ule. Ongeza kwamba pointi za mbio zimebeba upepo, mazoezi, chakula na mkono wa mfugaji, vitu ambavyo kipimo hakivioni.

Kwa hiyo panga jozi kwa rekodi ya ndege mwenyewe, ya ndugu zake, na hasa ya watoto wake. LDHA itumie pale tu ndege wawili wamelingana kwa kila kitu. Na ukipandisha A/B kwa A/B usitegemee robo ya makinda kuwa A/A kila mara. Ukipata makinda wanne, uwezekano wa kukosa A/A hata mmoja ni 0.75 ikijizidisha mara nne, karibu 32%. Wengi hapo huilaumu maabara bure.

Pesa yako ya kwanza, kwa banda la wazi kama hilo, iende kwenye uthibitisho wa wazazi. Rekodi ya watoto haina thamani kama baba aliyeandikwa kwenye daftari siye.

Mwana_Maabara

Nijibu la sampuli. Kwa hao makinda, pamba ya mdomoni iache kabisa. Maziwa ya njiwa ni seli za ukuta wa gole la mzazi zilizobanduka, na DNA ya mzazi imo ndani yake. Kinda aliyetoka kulishwa ana mdomo uliojaa seli za baba na mama, na dume na jike wote wawili hulisha. Jibu linarudi na alili (matoleo ya DNA) tatu badala ya mbili kwenye alama moja (sehemu ya DNA inayosomwa), au jinsia iliyogeuka.

Chukua manyoya madogo ya kifuani, 5 hadi 8 kwa ndege mkubwa. Usiguse ya bawa wala ya mkia. Shika nyoya karibu na ngozi, vuta moja moja kuelekea linakoota, litoke na ncha yake nzima. DNA iko kwenye ncha ile iliyokuwa ndani ya ngozi, kwa hiyo usiikate na usiishike kwa vidole. Ukitaka kupunguza urefu, kata upande wa juu. Nyoya lililookotwa sakafuni halifai: ncha yake imekauka, seli ni chache, na huna hakika ni la nani. Weka kwenye bahasha ya karatasi, ndege mmoja bahasha moja, na namba ya pete uiandike kabla hujang'oa. Mfuko wa plastiki unafungia unyevu, ukungu unaota, na DNA inakatika vipande. Badilisha glavu au nawa mikono kila baada ya ndege.

Damu ni nzuri zaidi ukiiweza, kwa sababu chembe nyekundu za ndege zina kiini (zetu sisi hazina), hivyo tone moja kwenye kadi ya kukaushia linatosha. Likauke kivulini kabla ya kufunga. Kama maabara inataka damu ya majimaji, uliza chupa ya EDTA (kemikali ya kuzuia damu isigande); heparini, nayo ya kazi hiyo hiyo, inazuia mmenyuko wa PCR unaonakili DNA maabara.

Kuhusu jinsia, ujue makosa yake yanaelemea upande gani. Kipimo kinasoma jeni ya CHD1 iliyopo kwenye kromosomu Z na W. Jike ana ZW, anaonyesha mistari miwili. Dume ana ZZ, mmoja. Sampuli dhaifu ikipoteza mstari wa W, jike anaandikwa dume. Sampuli ya dume ikichafuliwa na nyoya la jike, dume anaandikwa jike. Ukipata "dume" kutoka kwenye sampuli mbovu, rudia.

Mbiombali

Shukrani wakuu. Kuna ripoti ya wazazi ya makinda wawili wa msimu uliopita ninayo hapa. Mmoja hakubaliani na baba kwenye alama 1, mwingine alama 4. Wote wawili niwafute kwenye ukoo?

Bandajuu

Huyo wa alama 4, ndiyo, baba ni mwingine. Huyo wa alama 1, bado.

Ripoti isome hivi. Kila alama ina namba mbili (kila namba ni alili moja), moja kutoka kwa kila mzazi. Tuseme kinda ni 182/190, mama 182/186, baba 184/188. Mama ametoa 182, basi 190 lazima itoke kwa baba, naye hana. Hiyo ni hitilafu moja. Lakini moja peke yake inaweza kuwa mabadiliko ya jeni, au alili isiyosomeka. Hiyo ya pili unaitambua kirahisi: baba anaonekana 184/184 na kinda 190/190, kila mmoja ana namba moja iliyojirudia, kumbe wote wana alili ya pili ambayo mashine haikuiona. Zikifika mbili au zaidi kwenye alama tofauti, ndipo umtoe baba.

Angalia pia kama alama hiyo iko kwenye kromosomu Z. Jike ana Z moja tu, ya baba yake, kwa hiyo kinda jike kutofanana na mama hapo si kosa hata kidogo.

Kama unaowashuku ni baba na mwanawe, au ndugu wawili, iambie maabara mapema ili waongeze alama. Peleka sampuli ya mama pia, bila yeye kipimo kinapungua nguvu sana. Kwa bajeti yako: pima wazazi wote 24 mara moja, wasifu wao utabaki kwenye faili, kisha kila msimu unapima makinda unaowabakiza kwa uzazi tu.

Na unapobadilisha jozi, kumbuka jike huhifadhi mbegu za dume wa zamani mwilini kwa siku kadhaa, karibu wiki. Mtenge na madume wiki mbili kabla ya kumpa dume mpya, la sivyo tago la kwanza litakuwa na utata.

Manyoya_Mekundu

Naongeza dogo: rangi itakuokolea vipimo kadhaa. Rangi ya msingi iko kwenye Z (jeni ya TYRP1), na mpangilio wa nguvu ni nyekundu-majivu, kisha buluu, kisha kahawia. Wazazi wawili wa buluu hawawezi kutoa kinda mwekundu-majivu. Akitokea, baba umeshamjua siye. Dume wa buluu kwa jike mwekundu-majivu: madume wote wanatoka wekundu-majivu na majike wote wanafuata rangi ya baba, jinsia unaijua manyoya yakichipua.

Ila wekundu fiche (unaojitokeza tu kinda akiupata kwa wazazi wote wawili) ni jeni nyingine, jirani na SOX10, haiko kwenye Z, nayo inafunika rangi yote ya chini. Huo ndio wekundu unaoweza kutoka kwa wazazi wawili wa buluu, msije mkamfukuza dume asiye na hatia. Kujua kama dume anaubeba bila maabara, mpandishe na jike mwekundu fiche: makinda watano mfululizo wasio wekundu wa aina hiyo wanakuachia shaka ya karibu 3% tu. Kipimo cha DNA kinajibu hilo kwa nyoya moja, na hapo naona pesa inatumika vizuri kuliko kwenye DRD4. Dume mwekundu-majivu mwenye vitone vyeusi kwenye bawa na mkia usimpime rangi ya msingi. Anabeba buluu.