Dainingi ya mita 2.4 kwa 3: meza ya watu sita itaingia?

Kibaraza
Habari wadau. Dainingi yangu ina upana wa sm 240 na urefu wa sm 300, dari iko sm 270. Upande mmoja mfupi umefunguka moja kwa moja sebuleni, upande wa pili mfupi kuna dirisha. Mlango wa jikoni uko ukuta mrefu wa kulia, karibu na dirisha. Friji lazima likae humu kwa sababu jikoni halina nafasi. Lina upana wa sm 60. Tuko watano, watatu wakiwa watoto, na wageni wa mara moja moja. Nachukua meza ya duara au ya mstatili? Kioo au mbao? Na waya wa taa umetoka katikati ya dari.

Futikamba
Mkuu, kabla ya meza hesabu njia. Anayevuta kiti akae anahitaji kama sm 75 kutoka ukingo wa meza hadi ukutani. Mtu akitaka kupita nyuma yake, ongeza hadi 105 au 110. Sasa ukiweka meza ya upana wa 90 katikati ya chumba, zinabaki 75 kila upande: watu watakaa, ila kila sahani inayotoka jikoni itabidi mtu ainuke kuipisha.

Sukuma meza upande wa kushoto. Ukuta mrefu wa kushoto uweke benchi la kina cha sm 45, meza iwe 80 kwa 140, na ukingo wake uingie juu ya benchi sm 5. Meza itaishia sm 120 kutoka ukuta wa kushoto, kulia zinabaki 120 nyingine. Mtu aliyeketi kwenye kiti anachukua kama sm 50, kwa hiyo unapita na trei bila kumgusa.

Friji liingie kona ya kushoto karibu na dirisha, liachie sm 5 hadi 10 nyuma lipate hewa. Kisha pengo la 15, kisha meza. Upande wa sebuleni zinabaki 85 za kiti cha kichwani. Viti viwili upande wa kulia, kimoja kichwani, watoto watatu kwenye benchi: sita. Watu wazima kwenye benchi hilo hesabu wawili tu, kila mmoja sm 60.

Mwali wa Taa
Duara la sm 100 lingependeza zaidi jamani, na halina kona za kuumiza watoto.

Futikamba
Kwa chumba cha mraba kisicho na njia ndani yake, ndiyo. Hapa duara la 100 katikati linaacha 70 kila upande, na halitaki kusukumwa ukutani, maana likisukumwa upande mmoja unakufa. Kona za mstatili zizungushwe kwa nusu kipenyo cha sm 5, basi.

RandaNaMsasa
Nichangie kwenye utengenezaji, maana hapo ndipo pesa hupotea.

Miguu minne ya konani usikubali ukiwa na benchi. Anayeingia kwa kuteleza atagonga goti kila siku. Agiza miguu miwili ya umbo la T iliyoingizwa ndani sm 30 kutoka kila kichwa, kitako chake kiwe na urefu wa angalau sm 55 ili meza isiyumbe.

Kimo cha meza sm 75, kiti 45. Kosa linalotokea sana ni fremu ya chini ya meza kuwa nene mno. Ubao wa juu sm 3 ukijumlisha fremu ya 12, kutoka kiti hadi fremu zinabaki 15 tu, mapaja hayaingii. Fremu isizidi sm 8. Benchi lenyewe lichongwe kimo cha 42, halafu sponji ngumu ya sm 5. Mtu akikaa inashuka na unarudi kwenye 45 hivi. Kama unataka kuweka vitu ndani ya benchi, usifanye mfuniko wa kuinua, utagonga meza. Weka droo inayovutwa kutoka kichwani, upande wa sebuleni.

Mninga ni mzuri, mkongo pia, lakini ubichi ndio adui. Ukienda kwa mafundi wa Keko, Dar es Salaam, au kwa fundi yeyote, uliza mbao zilianikwa lini. Kwa hewa ya pwani unyevu wa asilimia 12 hadi 14 unatosha. Fundi akiwa hana kipimo, kata kipande kidogo, kipime kwenye mizani, kiweke kivulini wiki moja, kipime tena. Kikiwa kimepungua uzito, mbao bado zinakauka na meza itafunguka viungo nyumbani kwako.

Mawili ya kusimamia mwenyewe. Kwanza, ubao wa juu usipigwe skrubu za kubana kabisa kwenye fremu. Mbao hutanuka na kusinyaa kwa upana, na ikizuiliwa inapasuka. Matundu ya skrubu yatobolewe marefu kidogo kufuata upana wa ubao. Pili, vanishi ipakwe na chini pia. Ikipakwa juu tu, upande wa chini unanyonya unyevu peke yake na ubao unajikunja kama sahani.

Kitambaa cha plastiki moja kwa moja juu ya vanishi hapana. Kinalainisha vanishi na kuganda nayo. Tanguliza kitambaa cha pamba.

Kibaraza
Asante sana wakuu. Na kioo je? Mama watoto anakipenda.

RandaNaMsasa
Kioo cha milimita 10 kwa ukubwa huo ni kilo 28, kwa hiyo miguu ya chuma nyembamba haifai. Kiwe kilichoimarishwa kwa moto, na vipimo, matundu na kona vimalizwe kabla ya kuimarishwa. Baada ya hapo hakikatiki, kinasambaratika chote. Kwa watoto watatu, jiandae kufuta alama za vidole asubuhi na jioni.

Mwali wa Taa
Kuhusu taa: katikati ya meza iko sm 80 kutoka ukuta wa kushoto, waya wako uko 120. Usipasue dari. Piga ndoano juu ya meza, vuta waya sm 40, uning'inize hapo. Tako la taa liwe sm 75 juu ya meza, yaani 150 kutoka sakafuni. Balbu ya LED ya wati 9, rangi ya joto ya 2700 hadi 3000 K (kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga). Ile nyeupe ya bluu inafanya wali na mchuzi vionekane vimechacha.

Pangaboi sahau, litagombana na taa. Na hata ukihamishia taa darini juu ya mapanga, mwanga utakatwakatwa mezani na kuumiza macho. Feni ya ukutani, juu ya dirisha, inatosha.

Kibaraza
Kioo cha kujitazama ukutani kupanua chumba?

Mwali wa Taa
Juu ya benchi, sawa, ila simama kwanza uangalie kitaonyesha nini. Kikitazamana na mlango wa jikoni utakula ukitazama sinki la vyombo. Kisogeze upande wa sebuleni, na kianzie juu ya vichwa vya walioketi ili visikiguse. Chini yake pigilia mbao nyembamba au paka rangi ya mafuta, maana migongo na vichwa vitachafua ukuta ndani ya miezi michache.