Tobramisini imepunguza bakteria, mbona mapafu bado yamevimba?

Mama Salma, Leicester
Habari zenu ndugu. Binti yangu ana miaka 9, ana sistiki fibrosisi, ule ugonjwa wa kurithi unaofanya ute wa mapafu uwe mzito, na makohozi yake yalikutwa na bakteria waitwao sudomonasi. Kapewa antibayotiki ya tobramisini ya kuvuta kwa nebulaiza, mashine inayogeuza dawa kuwa mvuke, miligramu 300 asubuhi na jioni, siku 28, kisha anapumzika siku 28. Anakaa wima mezani, kibano puani, mpaka mashine ianze kukoroma dawa ikiisha. Anavumilia jamani. Kipimo kimeonyesha bakteria wamepungua sana, lakini kikohozi cha asubuhi kiko palepale, na daktari anasema njia za hewa bado zimevimba. Kama wadudu wamepungua, kinachomtesa ni nini?

Nesi Mwanaisha
Pole mama Salma. Dawa imefanya kazi yake, ila kazi yake ni kuua bakteria. Bakteria wakijificha kwenye ule ute mzito, mwili unamimina chembe nyeupe za damu ziitwazo nyutrofili. Hizo zinamwaga elastasi, kimeng'enya kinachokula kuta za njia za hewa, na zikifa DNA yake inazidi kuufanya ute uwe mzito. Elastasi nayo inaita nyutrofili nyingine. Ndiyo maana bakteria wakishuka uvimbe hupungua kiasi, hauishi. Je, antibayotiki anavuta mwisho? Itangulie dawa ya kupanua njia za hewa, maji ya chumvi, mazoezi ya kutoa makohozi, ndipo tobramisini. Kifua kikiwa kimejaa, dawa inakwama juu ya ute.

Baba Imani
Wa kwangu aliongezewa vidonge vya azithromaisini, mara tatu kwa wiki. Sudomonasi haiuawi kirahisi na dawa hiyo. Anapewa ili kutuliza uvimbe. Kabla ya kuanza walipima makohozi kuhakikisha hana vimelea wa jamii ya kifua kikuu. Waulize kliniki.

Mama Salma, Leicester
Ahsanteni mno, ndiyo, anavuta mwisho. Azithromaisini nitaiuliza. Dada yangu wa Tanga anataka kunitumia vidonge vya prednisoloni, dawa ya steroidi, eti vinamaliza uvimbe haraka.

Nesi Mwanaisha
Usimpe, mama, nakusihi. Dawa hizo za steroidi zilipojaribiwa kwa muda mrefu kwa watoto wenye ugonjwa huu, zilidumaza kimo chao. Mshukuru dada, mwambie azihifadhi. Na Salma akisema masikio yanavuma, piga simu kliniki siku hiyohiyo. Tobramisini inaweza kugusa usikivu.