ProjectLibre: nipakue faili ya kusakinisha au msimbo chanzo?

Mama Ghorofa, Utawala
Habari zenu. Ninasimamia mjengo wa ghorofa nne hapa Utawala. Mshauri wa mwenye ploti hunitumia ratiba ya kazi kwa barua pepe, faili inayoishia na .mpp, na laptopu yangu haina cha kuifungulia. Microsoft Project sinunui, hiyo pesa afadhali iende kwa kokoto. Mpwa wangu anayesomea kompyuta amenitajia ProjectLibre na GanttProject, eti ni programu huria, hazilipiwi. Sasa naona kuna faili ya kusakinisha, halafu kuna msimbo chanzo. Nachukua zote mbili? Bando ni la kupima. Na nikishaibadilisha ratiba, mshauri ataisoma kwake?

Kodi wa Roysambu
Chukua ya kusakinisha, basi. Ukifungua msimbo chanzo utakuta mafolda yamejaa faili za .java na hakuna pa kubofya mpaka mtu aujenge kuwa programu. Kwa GanttProject, pale GitHub, tovuti ya kuwekea msimbo, chini ya kila toleo kuna zip na tar.gz za msimbo. Ruka hizo.

Kwa .mpp mimi ningeenda na ProjectLibre. Anzia tovuti yao wenyewe, itakupeleka SourceForge, tovuti ya kupakulia programu huria. Ukitafuta jina tu kwenye Google utaletewa pia tovuti za watu baki zenye vitufe vikubwa vya kupakua. Hizo achana nazo. Pale SourceForge, alama ya "i" kando ya faili inaonyesha SHA1 yake, yaani mfuatano wa herufi na namba unaotambulisha faili hiyo. Kwenye Windows fungua cmd, lile dirisha la kuandikia amri, andika certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA1. SHA1 utakayopewa ikilingana na ile ya SourceForge, faili imefika nzima.

Mzee wa Ratiba
Kodi amejibu nusu. Mama, ProjectLibre inasoma .mpp lakini haiandiki .mpp. Ukihifadhi inakupa .pod, ambayo Microsoft Project haiijui. Nakala ya mshauri ihifadhi kama XML ya Microsoft Project, hiyo ataifungua kwake.

Halafu rekebisha kalenda kabla hujagusa tarehe yoyote. Iliyomo kwa kawaida ni ya Jumatatu hadi Ijumaa, masaa manane ya kazi kwa siku. Mjengo gani Nairobi hulala Jumamosi? Ukiiacha hivyo, kazi zote zitasogea mbele na kwa karatasi utaonekana umechelewa ilhali mafundi wako wameshamaliza ukuta.

Na msimbo si wa kudharau. Zamani kulikuwa na OpenProj ya kampuni ya Projity. Serena Software ikainunua Projity 2008, na baadaye programu ikadorora. Kwa kuwa msimbo ulikuwa wazi, uliweza kuchukuliwa na kuendelezwa, na 2012 ikatoka hiyo ProjectLibre unayoipakua.

Mama Ghorofa, Utawala
Asante wazee. Jumamosi tunafanya mpaka saa saba, kwa hivyo naiweka nusu siku. Mpwa anauliza: akitaka kutoa nembo yao aweke yetu, anaruhusiwa?

Kodi wa Roysambu
Kubadilisha anaruhusiwa, leseni ya ProjectLibre ni CPAL. Lakini CPAL inadai watengenezaji wa awali waendelee kutajwa kwenye skrini, kwa hivyo nembo yao asiifute. GanttProject iko chini ya leseni ya GPL 3, hiyo ina masharti mengine, aisome. Yoyote atakayochagua, avute msimbo kwa git, programu ya kutunza msimbo, badala ya zip ili apate na historia ya mabadiliko. Na atumie Wi-Fi ya chuo, si bando lako.