Kwarteti Lamu: kiwandani (uani) Mkomani au darini chini ya makuti Shela?

Mkomani_Ndani
Salaam aleikum wana jukwaa. Wapigaji wanne (fidla mbili, viola na selo) wanakuja mwezi wa saba. Wasikilizaji 30, hakuna vipaza sauti. Kuna kiwanda, yaani ua wa ndani, cha nyumba ya mawe Mkomani, na kuna dari ya makuti Shela, yaani ghorofa ya juu iliyo wazi, bahari yote mbele. Tiketi za Shela zitauzika upesi zaidi. Kwa masikio, ipi?

Mwalimu_Nyuzi
Kiwanda. Mwezi wa saba ni upepo wa kusi tupu, na dari iliyo wazi pande zote haina ukuta wa kurudisha sauti. Viola itapeperuka kabla haijafika safu ya pili, na makuti yenyewe hunywa sauti.

Waweke wapigaji msana wa tini, yaani ukumbi wa chini unaofungukia kiwandani, migongo ukutani, watu wakae kiwandani. Ukuta wa matumbawe wenye lipu ya chokaa hurudisha sauti vizuri, na ukiwa na zidaka ndiyo raha yenyewe: vile vishimo huitawanya isirudi kwa kishindo. Ila pima kwanza. Boriti hazifiki mbali, kwa hiyo kina cha msana ni kama mita 2.5 tu. Wapange kwa urefu wa chumba, na kila mkono wa uta upate nafasi ya kuvuta bila kugonga ukuta.

Kisha simama katikati upige kofi moja. Ukisikia "trrr" baina ya kuta mbili zinazotazamana, tundika leso mbili tatu upande mmoja, upime tena.

Shela_Upepo
Mwalimu, Shela umeihukumu kwa kusi. Tangambili, kusi na kaskazi zikipishana na upepo ukitulia, dari inasikilizika, mradi watu wasizidi 15 na wakae karibu, safu ya kwanza mita 2 kutoka kwa wapigaji. Mwezi wa saba lakini sina la kutetea. Karatasi za noti zitahitaji vibanio vya nguo vinne kila kishikizo, na kila kufungua ukurasa ni vita.

Bi_Kanuni
Nyote mmesahau unyevu. Kwenye taarabu kanuni ndiyo hulegea mwanzo, kwa kuwa daraja lake limekalia ngozi. Fidla na selo zina balaa lao: mbao hufura, vigingi vya kukazia nyuzi hukwama, na nywele za uta hurefuka hadi parafujo ikose pa kukazia. Msivitoe vyombo kwenye chumba cha eisi mkaenda navyo moja kwa moja kiwandani. Vikae palepale pa kupigia dakika 45, kisha ndipo vilinganishwe. Selo ikivuka kutoka uwanja wa ndege wa Manda iwe ndani ya sanduku gumu lililofunikwa turubai, isiachwe juani hata kama boti ni ya dakika kumi.

Na jamani, msifukize udi. Wa kupigwa karibuni, wa kufukizwa hukohoza watu kwenye sehemu ya polepole.

Mkomani_Ndani
Shukrani Bi. Kiwanda basi. Na mwenye tiketi akae wapi?

Mwalimu_Nyuzi
Tazama mpangilio wao kwanza. Fidla ya kwanza huwa kushoto kwako, matundu yake ya sauti yameelekea watu, kwa hiyo itakufikia popote. Viola ikiwekwa ukingo wa kulia matundu yake hutazama nyuma, na ukiwa kulia kabisa utaona mkono unakwenda huku sauti huipati. Kaa katikati, safu ya pili. Wakikubali, selo ikae ukingoni na viola iingie ndani.

Mwiba wa selo, ile ncha ya chini inayosimama sakafuni, huteleza kwenye sakafu laini. Kipande cha zulia kilichobanwa na mguu wa kiti chake kinatosha.

Shela_Upepo
Anza saa mbili na nusu usiku, isha imeshaswaliwa. Feni na friji zizimwe dakika tano kabla, kwa sababu mtu huzoea mvumo wake hadi ukome. Punda wa jirani ongea na mwenyewe mapema. Yule hajui sehemu ya polepole.

Bi_Kanuni
Na waambie watu kazi moja yaweza kuwa na sehemu nne. Makofi yangoje hadi wote wanne washushe nyuta.