Waandishi wa bunilizi za kisayansi, acheni kuwapoteza watu msio tayari kuwalilia

Wanajamvi, heshima kwenu.

Usiku wa kuamkia leo nimemaliza kuitazama tamthilia ya Kimarekani ya Manifest, misimu yote minne, na nimeamka na hasira ileile niliyolala nayo. Sina ugomvi na waigizaji wala na ndege inayotoweka angani. Ugomvi wangu ni na waandishi wa bunilizi za kisayansi wanaompoteza mtu ili watushike tusibanduke kwenye viti, kisha wakawatelekeza wale waliobaki nyumbani wakimsubiri, kana kwamba kusubiri hakumchoshi mtu.

Kwa wasioifahamu, safari namba 828 inaruka kutoka Montego Bay kwenda New York mwezi Aprili 2013 ikiwa na watu 191, inatua Novemba 2018, na waliomo ndani wanaamini wamekuwa angani saa chache tu. Huku chini imepita miaka mitano na nusu. Mama yao Ben na Michaela, ndugu wawili waliokuwa ndani ya ndege, amekwisha kufa bila kuwaona. Mchumba wa Michaela ameoa, na aliyemwoa ni rafiki wa karibu wa Michaela mwenyewe. Pacha wawili, Cal na Olive, wanakutana tena huku Cal akiwa bado mtoto na Olive akiwa msichana mkubwa anayempita kwa kimo.

Tukio hilo la pacha nililitazama pamoja na mama yangu mdogo, ambaye mwanawe wa kwanza aliondoka nyumbani miaka 11 iliyopita na mpaka leo hatujui yuko wapi. Simu yake ya vitufe imeharibika mara tatu, na mara zote tatu amenunua nyingine na kurudisha laini ileile, kwa sababu hiyo ndiyo namba pekee ambayo mwanawe aliikariri. Aliponyanyuka kwenda kunawa uso nilijua kwamba amejiona mle ndani, nikawashukuru waandishi kimoyomoyo.

Shukrani hiyo naifuta. Katika sehemu ya mwisho, iliyotoka Juni 2023, ndege inarudi na kutua mwaka 2013 kama vile haijawahi kupotea. Mama yuko hai, mchumba hajaoa, na Olive ni mtoto tena. Watazamaji wengi wameuita mwisho wa furaha, lakini hebu mtafakari kilichofanyika: watu waliolia kwa miaka mitano na nusu wamefutiwa hata kumbukumbu ya kulia kwao. Yule Olive aliyekua bila pacha wake, aliyejifunza kuishi na kiti kitupu mezani, hayupo popote, na hakuna anayemlilia. Msiba haukuanuliwa matanga. Umetangazwa kwamba haukuwahi kutokea.

Wala tatizo hili si geni. Katika The X-Files, tamthilia ya mpelelezi wa FBI aitwaye Fox Mulder, dada yake Samantha anachukuliwa tarehe 27 Novemba 1973 akiwa na umri wa miaka 8, kaka yake huyo akiwepo. Tamthilia ilianza mwaka 1993 na kumsaka dada huyo ndiko kulikoibeba. Mwaka 1995 wakatuletea mwanamke anayejiita Samantha, kumbe ni nakala iliyotengenezwa. Mwaka 1996 tukaonyeshwa nakala nyingine, wasichana wadogo wenye sura yake. Mwaka 1997 akaja mwanamke mwingine, akakaa na Mulder mgahawani, kisha akaondoka. Kila mara jeraha la kaka mtu lilifunguliwa upya ili sisi turudi wiki inayofuata. Jibu lilikuja Februari 2000: alikufa mwaka 1979. Mama yao alikuwa amejiua sehemu moja tu kabla ya hapo. Nakiri kwamba tukio la Mulder kumkumbatia dada yake usiku, katikati ya roho za watoto waliokufa, chini ya nyota, ni zuri na lilinitoa machozi. Ila miaka saba ya kuchezewa haiwezi kulipwa kwa dakika chache za mwanga wa nyota.

Star Trek: Voyager ndiyo iliyoniumiza zaidi. Chombo cha anga kimetupwa umbali wa miaka ya nuru 70,000 kutoka nyumbani, na nyumbani wamekwisha kuamini kwamba kimeangamia. Mwaka 1998 barua za kwanza zinafika, na nahodha Janeway anasoma kwamba mchumba wake alikata tamaa akaoa mwingine. Waandishi walijua fika kwamba upande wa pili kuna watu. Basi Mei 2001, baada ya misimu saba, chombo kinatokeza karibu na Dunia, meli nyingine zinakizunguka, na tamthilia inaishia hapo. Hatukuonyeshwa mzazi hata mmoja akimpokea mwanawe. Hatukumwona hata mmoja akipewa habari kwamba wa kwake hakurudi, ilhali waliokufa njiani walikuwa wengi.

Nisijibiwe kwamba nadai kila kitendawili kiteguliwe. Mtafiti Pauline Boss wa Marekani, ambaye katika miaka ya 1970 alizichunguza familia za marubani waliopotea vitani Asia ya Kusini-Mashariki, ameeleza kwamba msiba wa namna hii hauna mwisho safi: mtu hujifunza kubeba mambo mawili kwa pamoja, kwamba huenda amekufa na huenda atarudi. Hilo linaweza kuonyeshwa. The Leftovers ililionyesha bila kutueleza asilimia 2 ya watu duniani, waliotoweka kwa ghafla, walikwenda wapi. Nora, aliyepotelewa na mume na watoto wawili kwa mpigo, anaendelea kununua nafaka za kifungua kinywa walizozipenda watoto, anazitupa zikiwa hazijaguswa, ananunua tena. Mwishoni anasimulia kwamba alivuka kwenda huko waliko akawaona, sisi hatuonyeshwi chochote, na mwanamume aliyeketi mbele yake anamwamini. Nilitosheka kabisa. Hata Stranger Things, baada ya watazamaji kulalamika kwamba Barb, rafiki wa Nancy aliyeuawa na zimwi katika msimu wa kwanza, amesahaulika, iliwaleta wazazi wake katika msimu wa pili, mezani, wakisema wanauza nyumba ili wamlipe mpelelezi, huku Nancy, anayejua ukweli, akikimbilia chooni kulia. Hayakuhitajika mazimwi wala fedha nyingi.

Kwa hiyo wasituambie haiwezekani. Ninyi mnaotazama sana, nitajieni hapa tamthilia iliyomtendea haki anayesubiri, tafadhali iwe ambayo mmeiona mpaka mwisho. Mama mdogo aliacha Manifest katika msimu wa kwanza, na leo asubuhi ameniuliza kama yule mama aliwahi kuwaona wanawe. Bado sijamjibu.