Mrejesho: Tochi ndogo ya kuvaa begani usiku wa kupanda Kilimanjaro

Ndugu zangu, nawashukuru kwa dhati nyote mlionijibu nilipouliza ni tochi gani ndogo ningeweza kuivaa begani, kwa kuwa taa ya kichwani huwamulika machoni wageni ninaowaongoza kila ninapogeuka kuwatazama tukiwa njiani usiku kuelekea kilele cha Uhuru.

Nilifuata ushauri wa kununua tochi yenye kichwa kilichopinda nyuzi 90, inayotumia betri moja ya AA, nami nikaibana kwenye mkanda wa begi. Mwanga sasa unaanguka mbele ya miguu yangu, na mikono yote miwili inabaki huru. Aliyenionya nisivutwe na wingi wa lumeni (kipimo cha mwanga) alisema kweli, maana ngazi ya juu kabisa ya mwanga hushuka yenyewe baada ya dakika chache ili tochi isipate joto kupita kiasi, ilhali ngazi ya chini inatosha kabisa kwa mwendo wa pole pole.

Hata hivyo, betri ya alkalaini ilififia kwa baridi kabla hatujafika Stella Point, kwenye ukingo wa kreta kabla ya kilele, nikalazimika kuibadilisha kwa vidole vilivyokufa ganzi. Safari iliyofuata nilitumia ya lithiamu, ile isiyoweza kuchajiwa upya, nayo ikadumu hadi alfajiri. Klipu nayo ilichomoka mara mbili kwenye mkanda mnene, kwa hiyo nimeongeza kamba nyembamba iliyofungwa kwenye pete ya begi. Taa ya kichwani bado naibeba mfukoni kama akiba.